MAKABURI YENYE NGUZO ZA MAWE

Leo nitasema habari za makaburi ya kale yaliyo magharibi ya Ziwa Turkana, katika nchi ya Kenya. Huko zimesimama nguzo za mawe meusi, na baadhi yake Waturkana huziita Namoratunga, maana yake watu wa mawe. Husimulia kwamba zamani zilikuwa watu, wakageuka mawe.

Watu wamo kweli, ila wamo chini. Mahali paitwapo Lothagam wataalamu walichimba kwa uangalifu, na mwaka 2018 wakatangaza waliyoyaona. Yapata miaka 5,000 iliyopita, wafugaji wa kwanza wa nchi ile walijenga jukwaa la mawe, upana wake mita 30 hivi. Katikati walichimba shimo kubwa, wakazika humo watu wasiopungua 580, kwa muda wa mamia ya miaka. Kisha wakalifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo. Zamani zile mvua ilikuwa ikiadimika na ziwa likipungua. Naona watu wanaohamahama na mifugo yao walihitaji mahali pamoja pasipohama.

Lakini hasa nataka msikie hili. Wazee kwa watoto, wanaume kwa wanawake, walizikwa pamoja, na karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake: shanga za mawe ya rangi, au pete za meno ya kiboko. Mmoja alivikwa kichwani pambo la meno ya panya wadogo wa nyika, zaidi ya panya 100. (Fikirini kazi ya kuwatega!) Halikuonekana kaburi la mfalme wala la mtumwa. Wengi walifundishwa kwamba jengo kubwa halijengwi pasipo mtawala wa kuamrisha. Makaburi haya yashuhudia kinyume.

Neno hili lilijulikanaje? Ni kwa kuwa mapambo yalikutwa pamoja na mifupa ya wenyewe. Kama mtu angalitangulia kuzifukua shanga na kuziuza, zingalibaki shanga tu, wala hakuna ambaye angalijua kama zilivaliwa na mtoto au na mzee. Na jiwe likichukuliwa kujengea msingi wa nyumba, nani atakumbuka liliposimama?

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi yakataza kuchimba mahali kama hapo pasipo ruhusa. Basi mchungaji aonaye ushanga au kigae na akiache kilalapo, apashike vema mahali penyewe, kisha ampe habari chifu au mwalimu, ili zifike Makumbusho ya Taifa.