Akiba Haiozi: Mtandao Mdogo wa Nyumbani na Nakala za Nyaraka za Familia



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la familia nyingi limehamia katika kompyuta na simu. Humo zimo picha za vyeti vya kuzaliwa, nakala za hati za ardhi, hesabu za duka, orodha ya michango ya kikundi cha kuweka na kukopa, na picha za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Daftari la karatasi likilowa, kurasa kadhaa hunusurika. Diski ya kompyuta ikiharibika, yote yaliyomo huweza kutoweka kwa siku moja.

Mada hii inaeleza njia ya kujikinga isiyohitaji gharama kubwa, yaani kuunganisha vifaa vya nyumbani katika mtandao mdogo na kutunza nakala za akiba kwa utaratibu.

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba mtandao wa nyumbani si intaneti. Ruta, yaani kile kisanduku kinachosambaza Wi-Fi, huvipa vifaa vya ndani anwani zao, kwa mfano 192.168.1.20. Anwani za aina hii zimetengwa kwa matumizi ya ndani pekee, ndiyo maana nyumba mbili jirani huweza kuwa na namba zilezile bila kugongana. Faida yake ni kubwa: faili linalotoka kompyuta ya baba kwenda kompyuta ya mtoto halipiti nje ya nyumba. Kifurushi cha intaneti kikiisha, kazi hiyo huendelea bila kutumia hata shilingi moja.

Ruta ikishawekwa, kazi ya kwanza ni usalama. Nywila ya kuingilia katika mipangilio ya ruta ibadilishwe, kwa kuwa ile ya kiwandani hujulikana na wengi. Nywila ya Wi-Fi iwe ndefu, na ulinzi uwe wa WPA2 au WPA3. Ruta nyingi huweza pia kutoa mtandao wa wageni, hivyo mgeni akapata intaneti bila kuzifikia nyaraka za mwenyeji.

Kisha familia ichague kompyuta moja iwe ghala. Kompyuta ya mezani ya zamani hufaa, ilimradi diski yake ni nzima na programu zake bado zinapokea marekebisho ya usalama. Ni vyema iunganishwe na ruta kwa waya. Waya wa daraja la Cat 5e hupitisha hadi gigabiti 1 kwa sekunde katika umbali usiozidi mita 100. Kwa kasi hiyo, picha na nyaraka za gigabaiti 50 huhitaji takriban dakika 7, iwapo diski nayo ina kasi ya kutosha. Kwa kasi ya megabiti 100, kazi hiyohiyo huzidi saa 1.

Katika kompyuta ghala lifunguliwe folda moja la pamoja, mathalani “Nyaraka za Familia”. Kwa wanaotumia Windows, mtandao wa nyumbani uwekwe kuwa wa binafsi, si wa umma. Kisha folda libofywe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na katika sifa zake ichaguliwe sehemu ya kushiriki. Kila mtumiaji apewe jina na nywila yake. Watoto waruhusiwe kusoma, na mtu mzima mmoja au wawili ndio wawe na ruhusa ya kubadili na kufuta.

Ndugu wananchi, hapa ndipo wengi hukosea njia. Kushirikiana faili si kuweka akiba. Faili lililo katika folda la pamoja bado ni faili moja. Likifutwa kwa bahati mbaya, limefutwa kwa kila mmoja.

Mwezi Mei 2017 dunia ilipata funzo hilo kwa machungu. Programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea kupitia udhaifu katika njia ya zamani ya kushirikiana faili kwenye Windows. Ilifunga mafaili ya wenye kompyuta na kudai fidia. Hospitali kadhaa nchini Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Marekebisho ya udhaifu huo yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huohuo, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijawekewa. Mafunzo ni mawili: marekebisho ya usalama yasicheleweshwe, na nakala iliyounganishwa na mtandao wakati wote huweza kuangamia pamoja na asili yake.

Kanuni inayotumika sana ulimwenguni hukumbukwa kwa tarakimu 3, 2 na 1. Kuwe na nakala 3 za kila waraka muhimu, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae mahali pengine. Kwa familia ya kawaida, nakala ya kwanza ni ile iliyo katika kompyuta ghala. Ya pili ni katika diski ya nje, ambayo huchomekwa mara moja kwa juma, hunakili, kisha huchomolewa na kuwekwa kabatini. Ya tatu ni diski nyingine au flashi inayotunzwa kwa ndugu anayeaminika, na hubadilishwa kila mwezi. Moto, mafuriko au mwizi akiifikia nyumba moja, ile ya pili hubaki salama. Nakala inayotoka nje ya nyumba ifungwe kwa nywila.

Umeme nao una hila zake. Ukikatika wakati faili linaandikwa, faili huweza kuharibika. Ukirudi kwa nguvu, huweza kuunguza kifaa. Kifaa cha betri ya akiba kwa kompyuta ya mezani ni kinga nzuri. Wakati wa radi, vifaa vichomolewe katika umeme.

Yapo mambo mawili ya kisheria na kiutu. Picha ya hati haichukui nafasi ya hati yenyewe, hivyo hati halisi ziendelee kutunzwa pakavu. Faida ya picha ni kuhifadhi namba na tarehe zinazohitajika mtu anapofuatilia hati iliyopotea. Aidha, katibu wa kikundi anayetunza majina, namba za simu na madeni ya wanachama amebeba amana ya watu. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa hizo hazifai kuachwa katika folda ambalo kila mgeni anaweza kulifungua.

Kaya yenye simu pekee haijaachwa nyuma. Picha za nyaraka zinaweza kunakiliwa kutoka kwenye simu hadi kwenye flashi mbili, moja ikabaki nyumbani na nyingine ikapelekwa kwa ndugu.

La mwisho ndilo husahaulika zaidi. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Kila mwezi, mwanafamilia mmoja achague faili lolote, alirudishe kutoka katika diski ya akiba na kulifungua. Likifunguka, akiba ipo. Likikataa, kasoro imegunduliwa wakati asili bado ipo mkononi, na hapo ingali rahisi kurekebishwa.

Akiba haiozi, lakini shurti iwe imewekwa.