Mkono Mmoja Haulei Mwana: Jumuiya za Waamini na Wito wa Upadri

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Leo methali hiyo inatuongoza kutazama malezi ya kijana anayejisikia kuitwa kuwa padri, pamoja na wajibu wa majirani zake katika jumuiya na parokia anamotoka.

Katika ibada ya Kanisa Katoliki ya kutoa daraja takatifu ya upadri, lipo swali fupi ambalo wengi hulisikia bila kulitafakari. Shemasi ameitwa kwa jina, ameitika na kusimama mbele ya Askofu. Padri aliyepewa jukumu hilo anaomba kwa niaba ya Kanisa apewe daraja. Hapo Askofu anauliza ikiwa inafahamika kwamba kijana huyo anastahili. Katika jibu linalotolewa, jambo linalotajwa kwanza ni kwamba waamini wamekwisha kuulizwa, kisha ndipo inatajwa kauli ya walezi wake. Askofu anatangaza kumchagua, nalo kanisa zima hulipuka kwa makofi na vigelegele.

Swali linabaki: waamini hao waliulizwa lini, na walijibu nini?

Ili kulijibu, yafaa kurudi nyuma hadi kwenye mwambao wa Ziwa Victoria katika karne ya 19. Mwezi Februari mwaka 1879, Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, walitua Kigungu, karibu na mahali ulipo leo mji wa Entebbe. Waganda walimwita padri huyo Mapeera. Mwezi Novemba mwaka 1882, kwa kuhofia usalama wao katika ufalme wa Kabaka Mutesa wa Kwanza, wamisionari waliondoka Buganda wakavuka ziwa kwenda Bukumbi, upande wa kusini, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurejea mpaka mwaka 1885, baada ya Kabaka Mwanga kurithi kiti cha baba yake.

Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili na nusu, Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padri hata mmoja. Hawakuwa na Misa wala kitubio. Hata hivyo hawakutawanyika. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana waliotumika katika ikulu ya Kabaka. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma, alifundisha watu nyumbani kwake. Huko Mityana, Mathias Mulumba Kalemba, Luka Baanabakintu na mfinyanzi Noa Mawaggali walisali pamoja na majirani na kuwafundisha wengine yale kidogo waliyokuwa wameyapokea. Mapadri waliporejea walikuta waamini wameongezeka. Watu hao wote waliotajwa hapa waliuawa katika mateso ya mwaka 1885 na 1886, na Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba mwaka 1964 pamoja na wenzao, jumla yao wakiwa 22.

Basi katika eneo hilo la Maziwa Makuu, jumuiya ya waamini ilitangulia kabla ya padri mwenyeji. Katika nyumba za majirani watu walijifunza kusali, kusameheana, kuwauguza wagonjwa na kuwazika wafu wao. Seminari ilikuja baadaye. Askofu Jean-Joseph Hirth alianza kuwakusanya vijana kwa ajili ya malezi ya kipadri nchini Uganda mwaka 1893. Ilihitajika miaka 20 ya subira kabla ya matunda kuonekana. Tarehe 29 Juni mwaka 1913, huko Villa Maria, Bazilio Lumu na Victor Mukasa Womeraka walipewa upadri, wakiwa wa kwanza miongoni mwa Waganda.

Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa bado inaendelea, nchi ambayo leo ni Tanzania ilipata mapadri wake wanne wa kwanza wazalendo. Mwaka huohuo, tarehe 7 Oktoba, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho walipewa daraja hilo huko Kabgayi, nchini Rwanda. Ndiyo maana Kanisa la Tanzania na lile la Rwanda yote mawili yaliadhimisha Jubilei ya miaka 100 ya upadri mwaka 2017. Mwaka 1939 Padri Joseph Kiwanuka wa Masaka aliwekwa wakfu kuwa Askofu na Papa Pio wa Kumi na Mbili. Mwaka 1960 Askofu Laurean Rugambwa kutoka Bukoba, aliyesomea Seminari Kuu ya Katigondo nchini Uganda, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati hizi kuwa Kardinali.

Mpendwa msikilizaji, hatua hizo hukumbukwa kwa majina ya wale waliopakwa mafuta. Majina ya waliowatoa hayakumbukwi. Kwa familia nyingi za Maziwa Makuu, kumtoa mtoto wa kiume aende seminarini lilikuwa jambo zito. Mtoto wa kiume ndiye mrithi wa shamba na migomba, ndiye atakayeoa na kuendeleza jina la ukoo, ndiye atakayesimama kaburini kwa baba yake. Kumruhusu aishi bila mke wala mtoto kulikuwa sawa na kukubali tawi moja la ukoo likatike. Baba aliyekubali alihitaji majirani wa kumtia moyo wakati ndugu zake wakimlaumu. Mama aliyelia usiku alihitaji mwanamke mwenzake wa kukaa naye.

Majirani hao ndio ambao baadaye walipata jina la Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mwaka 1976, Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, AMECEA, lililokutana Nairobi, liliamua kwamba ujenzi wa jumuiya hizo uwe kipaumbele cha kichungaji katika ukanda mzima. Nchini Tanzania wazo hilo halikuwa geni masikioni mwa wananchi waliokwisha kuwazoea mabalozi wa nyumba kumi. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, iliyofanyika Roma mwaka 1994, ikalitazama Kanisa kama Familia ya Mungu, na jumuiya ndogo zikaonekana kuwa mahali ambapo familia hiyo inaishi kila siku.

Mfumo wenyewe ni mwepesi kueleweka. Parokia imegawanywa katika vigango, na kigango katika jumuiya zenye kaya chache zinazofahamiana. Kila jumuiya ina jina la mtakatifu msimamizi, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mara moja kwa juma, mara nyingi alfajiri ya Jumamosi au jioni baada ya kazi, wanajumuiya hukutana katika nyumba ya mmoja wao. Husoma Injili ya Dominika inayofuata, hutafakari, husali, kisha hugeukia mambo ya wiki: nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amerudishwa shule kwa kukosa ada, na mume na mke gani hawasemezani. Anayehitaji ubatizo wa mtoto, ndoa au mazishi ya Kikanisa, katika parokia nyingi huanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya yake kabla ya kufika kwa paroko.

Ni katika mikutano hiyo kijana mwenye wito huonekana kwanza. Paroko mwenye maelfu ya waamini humwona altareni akitumikia Misa, akiwa amevaa kanzu safi. Jumuiya humwona akichota maji. Inajua kama anamheshimu dada yake, kama anarudisha chenji kamili anapotumwa dukani, kama huenda kumtazama bibi mgonjwa asiyekuwa na kitu cha kumpa. Akiwa frateri, yaani mwanafunzi wa seminari kuu, hurudi nyumbani wakati wa likizo na kusali na jumuiya ileile. Majirani huona kama elimu ya falsafa imempa unyenyekevu au imemfanya aone haya kushika jembe. Kwa maneno mengine, waamini wanaotajwa siku ya upadrisho wameulizwa kwa miaka mingi, nao wamekuwa wakijibu kwa namna wanavyomwona.

Lakini je, hujibu kwa ukweli? Hapo ndipo penye mtihani. Kanisa lina utaratibu wa kutangaza jina la anayekaribia kupewa daraja, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Katika jamii zenye kuthamini ujirani, kumsema mtoto wa mwenzako ni jambo gumu. Wako wanaonyamaza kwa kuogopa kuonekana wana wivu. Wako wanaonyamaza kwa sababu parokia imesubiri padri wake wa kwanza kwa muda mrefu na sherehe imekwisha kupangwa. Kashfa za unyanyasaji wa watoto zilizolitikisa Kanisa katika mabara mbalimbali zimefundisha kwa uchungu kwamba ukimya wa namna hiyo haumlindi yeyote. Jumuiya inayompenda kijana wake humwambia ukweli mapema, naye akiwa bado ana nafasi ya kujirekebisha au kuchagua njia nyingine.

Jambo la pili halisemwi mara nyingi. Katika jumuiya nyingi, wanaofika kila juma ni akina mama. Wanaume huja wakati wa uchaguzi wa viongozi au msiba. Hivyo wito wa upadri, ambao katika Kanisa Katoliki hutolewa kwa wanaume tu, hutunzwa kwa sehemu kubwa na sala na michango ya wanawake. Wao ndio wanaouza ndizi na maharage ili frateri apate nauli. Kijana anayekua bila kumwona mwanaume akipiga magoti katika nyumba ya jirani hukosa kielelezo ambacho seminari haiwezi kumpa peke yake.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Safari kutoka kidato cha kwanza cha seminari ndogo hadi upadri, kupitia mwaka wa malezi, falsafa, teolojia, mazoezi ya kichungaji na ushemasi, hupita miaka kumi. Wengi wanaoianza hawaifikishi mwisho. Wengine hushauriwa na walezi kuondoka, wengine hutambua wenyewe kwamba wito wao ni wa ndoa. Kwa mafundisho ya Kanisa, hakuna kosa katika hilo, kwa kuwa malezi yamewekwa ili kuchunguza wito. Lakini kijana anaposhuka kwenye basi na sanduku lake mkononi, akiwa hana kanzu, kijiji humsoma kwa jicho lingine. Minong'ono huanza: amefanya nini? Wapo wanaohesabu hadharani michango waliyoitoa. Mama yake huacha kwenda jumuiya kwa aibu. Kijana mwenyewe hukaa nyuma kabisa kanisani, au huacha kuja.

Jumuiya hupimwa siku hiyo kuliko siku ya upadrisho. Siku ya Misa ya kwanza ya shukrani, kila mtu hujua la kufanya: kuna kwaya, kuna ng'ombe na mbuzi wa zawadi, wazazi hupiga magoti wapokee baraka ya kwanza ya mtoto wao, na hakuna jicho lisilolengwa na machozi. Siku ya kijana aliyerudi hakuna ratiba wala kamati. Kuna mwenyekiti mmoja tu anayeweza kuamua kwenda kubisha hodi na kumwambia kwamba Jumamosi ni zamu yake kusoma Injili. Vijana wanaobaki seminarini husikia habari za namna mwenzao alivyopokelewa. Wakisikia kwamba alidharauliwa, baadhi yao wataendelea hadi altareni kwa kuogopa aibu ya kurudi, na padri aliyepata daraja kwa kuogopa huwa mzigo kwake mwenyewe na kwa wale atakaowachunga. Wakisikia kwamba alipokewa, kila mmoja atabaki au ataondoka akiwa huru. Uhuru huo hauna mwalimu mwingine isipokuwa nyumba ile alikozaliwa na majirani wanaoizunguka.

Kwenu wasikilizaji mlioko ughaibuni, suala hili haliko mbali. Katika Vikarieti ya Kusini mwa Arabia, inayojumuisha Oman, Falme za Kiarabu na Yemen, waamini Wakatoliki karibu wote ni wahamiaji, na wamejifunza kutegemeana wakiwa mbali na ndugu. Huko Ulaya na Marekani, mapadri kutoka Afrika Mashariki wanahudumu katika parokia ambazo hapo zamani zilituma wamisionari kwetu. Wengi wao huishi peke yao katika nyumba kubwa za mapadri, wakikumbuka kelele za jumuiya zilizowalea. Simu ya Dominika jioni au mwaliko wa ugali na mboga humkumbusha padri kwamba bado ana kwao. Kulea hakuishi siku ya upadrisho.

Kila mwaka, Dominika ya Nne ya Pasaka, Kanisa huadhimisha Siku ya Kuombea Miito, iliyoanzishwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Siku hiyo sala huelekezwa kwa vijana ili waitikie. Ingefaa pia sala ielekezwe kwa majirani zao, ili wawe tayari kusema ukweli kabla ya daraja, kumsindikiza anayefika, na kumfungulia mlango anayerudi.