Mfuniko wa Sufuria Usiku wa Manane

Msikilizaji, saa nane za usiku unasikia mfuniko wa sufuria jikoni. Ni babu, mgonjwa wa Parkinson, anakula wali wa baridi kwa mkono unaotetemeka. Usimwite mlafi. Baadhi ya dawa za ugonjwa huu, kama pramipeksoli, zinaweza kumtia mtu hamu ya kula asiyoweza kuizuia. Mwelezeni daktari, ila msimkatishe dawa ghafla. Hilo ni hatari.

Na yule mgonjwa mwingine wa Parkinson anayerusha ngumi usingizini, akimfukuza mwizi wa ndotoni? Hajapagawa, jamani. Kwa kawaida ubongo huilegeza misuli tunapoota. Kwake breki hiyo haishiki, pengine miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Sogezeni meza mbali na kitanda, mtandike godoro sakafuni.