Hukumu Hufutwa Lini? Shauri la Gerry Adams

Yako makosa ambayo mtu hawezi kuyatenda asipokuwa kwanza amezuiwa. Kutoroka kizuizini ni mojawapo. Basi, ikiwa kizuizi chenyewe hakikuwa halali tangu awali, aliyejaribu kukitoroka amekosa nini?

Swali hilo liliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza tarehe 13 Mei 2020, katika shauri la Gerry Adams, aliyekiongoza chama cha Sinn Féin kwa miaka mingi. Katika miaka ya fitina na umwagaji damu huko Ireland ya Kaskazini, Serikali ilijitwalia uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila ya kuwashtaki. Adams alizuiwa kwa amri ya tarehe 21 Julai 1973. Mkesha wa Krismasi mwaka ule alijaribu kutoroka katika gereza la Maze, akakamatwa. Julai 1974 akajaribu tena, akakamatwa tena. Mwaka 1975 alihukumiwa mara mbili: miezi 18 kwa jaribio la kwanza, na miaka 3 kwa la pili.

Sheria ya 1972 ilitaka Waziri wa Mambo ya Ireland ya Kaskazini aone kwamba mtu yule anashukiwa kuhusika na vitendo vya ugaidi. Ndipo amri itolewe. Kisha, katika kifungu cha pili, ilisema kwamba amri yaweza kutiwa sahihi na Waziri huyo au na mmoja wa mawaziri walio chini yake. Amri ya Adams ilitiwa sahihi na Waziri mdogo. Waziri mwenyewe hakulitazama shauri lake.

Mawakili wa upande wa mashtaka walisema hapana kosa, kwani ni desturi ya zamani nchini Uingereza kwamba wasaidizi hutenda kazi kwa jina la Waziri. Majaji watano walikataa kwa kauli moja. Sheria, walisema, imetenga kuamua na kutia sahihi. Chifu aweza kumtuma karani apige barua muhuri, lakini hamtumi akaamue shauri badala yake. Na hapa lililoamuliwa ni uhuru wa mtu. Kwa kuwa amri ilikuwa batili, Adams hakuwa katika kizuizi halali, na hukumu zote mbili zikafutwa.

Lakini lililo zito zaidi limo katika majalada. Mwaka 2009 yalipatikana maoni ya kisheria ambayo Serikali ilipewa Julai 1974, yakionya kwamba mahakama yaelekea ingemtaka Waziri aliamue jambo hili yeye mwenyewe. Onyo hilo, basi, lilikuwapo kabla Adams hajahukumiwa hata mara moja!

Asidhani mtu kwamba kila kosa la polisi hufuta hukumu. Aliyekamatwa isivyo halali, kisha ikathibitishwa kwa ushahidi mwema kuwa aliiba, kwa kawaida hubaki mwizi, ingawa aweza kudai fidia kwa kukamatwa kwake. Katika shauri la Adams uhalali wa kizuizi ulikuwa sehemu ya kosa lenyewe.

Habari ya fidia haikuwa nyepesi. Mwaka 2023 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia watu wa namna hii wasilipwe, na Februari 2024 Mahakama Kuu ya Belfast ikaamua kwamba vifungu hivyo vyapingana na haki za binadamu.