CHUJIO LA HEWA LA KUOSHWA: NANI APATA FAIDA, NANI ALIPA HASARA?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa madereva na makanika)



Kamati imetuomba sisi wa gereji tuseme machache juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo limekwisha kuwatia wenzetu katika ugomvi na matajiri wao. Jambo lenyewe ni chujio la hewa. Wako wauzaji wanaosema: ondoeni chujio la karatasi lililokuja na gari, nunueni hili la pamba, laoshwa na kutumiwa tena miaka mingi, laongeza nguvu na lapunguza petroli. Wenye magari wengi wamependezwa. Yatupasa sisi tunaoendesha na kutengeneza tujue ukweli kabla hatujaulizwa.

Kwanza tukumbuke kazi ya chujio. Injini yala hewa nyingi kuliko petroli. Kilo 1 ya petroli yahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri, yaani lita 1 ya petroli yatumia yapata lita 9,000 za hewa. Basi fikirini hewa inayopita kutwa nzima katika barabara ya murram, nyuma ya lori jingine! Vumbi lile lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma. Zikiingia huchanganyika na oili zikawa kama msasa, zikala silinda na ringi za pistoni. Mwisho gari latoa moshi, lala oili, na mlimani halipandi.

Chujio la kuoshwa si jambo jipya. Wazee wetu walioendesha Land Rover za miaka ya 1950 walikuwa na chujio lenye bakuli la oili. Vumbi lilinaswa katika oili, bakuli likamwagwa, likaoshwa, likatiwa oili nyingine. Baadaye likaenea chujio la karatasi, ambalo likichafuka hutupwa. Hili la pamba ni matabaka ya kitambaa kati ya nyavu za waya, yaliyopakwa oili nyembamba. Kampuni ya K&N iliyoanza huko California imejulikana sana kwa machujio ya namna hii.

Sasa tuyapime maneno ya wauzaji moja moja.

Wasema laongeza nguvu. Ni kweli hewa hupita kwa wepesi zaidi. Lakini katika gari la kawaida chujio safi la karatasi lapitisha hewa ya kutosha, na nguvu inayoongezeka ni kidogo mno hata dereva hawezi kuihisi.

Wasema lapunguza petroli. Mwaka 2009 wataalamu wa Oak Ridge huko Marekani walipima magari ya petroli ambayo injini zake zaongozwa na kompyuta. Walipoondoa chujio lililoziba na kutia jipya, gari liliongeza mwendo upesi zaidi, lakini ulaji wa petroli haukubadilika. Ikiwa kuondoa chujio lililoziba hakuokoi petroli, kuondoa lililo safi kutaokoa nini? Magari ya zamani yenye kabureta ni mambo mengine. Hayo yakiziba hula petroli zaidi.

Wasema ladumu. Hilo ni kweli, lakini kwa sharti. Lazima litiwe dawa yake, lisuuzwe kwa maji yasiyo na nguvu kutoka upande safi kwenda upande mchafu, likauke lenyewe bila moto wala kompresa, kisha lipakwe oili kwa kiasi na kuachwa mpaka oili iingie kila mahali. Oili ikiwa haba, vumbi lapita. Ikizidi, yaweza kufika kwenye kifaa kinachopima hewa, na injini ikaanza kukohoa. Kazi hii yataka saa nyingi, na wakati huo gari limesimama. Muuzaji hazitii saa hizo katika hesabu yake, wala mwenye gari hazitii katika mshahara wa fundi.

Tena kuna jambo asilolisema. Mara nyingi karatasi nzuri hunasa vumbi jembamba kuliko pamba. Mahali penye lami tofauti hiyo yaweza kuwa ndogo. Penye murram si ndogo. Kwa hivyo shauri letu ni hili: gari la murram lipewe chujio zuri la karatasi, libadilishwe mapema kuliko kitabu kisemavyo, na ukingo wake wa mpira ukazwe sawasawa. La pamba ni la mwenye dawa, nafasi, na fundi aliyefundishwa.

Makanika nao wajihadhari. Kupuliza chujio la karatasi kwa kompresa hulitoboa, na vumbi lile la mchanga huingia katika mapafu ya anayepuliza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri alinde afya ya wafanya kazi wake. Kudai kitambaa kizuri cha kuziba pua na mdomo si kuomba zawadi.

Ndugu, injini ikifa huulizwa dereva. Wako waliokatwa mshahara kwa injini iliyoliwa na vumbi, na chujio hawakulichagua wao. Jueni kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Kuendesha gari ulilopewa, na chujio alilotia tajiri, si kosa la makusudi.

Lakini maneno matupu hayamsaidii mtu mbele ya tajiri. Kila dereva aandike katika daftari tarehe chujio lilipobadilishwa au kuoshwa, kilomita za gari, na jina la aliyetoa amri. Ukiona limeziba au limepasuka, toa habari kwa maandishi na ubaki na nakala. Tajiri akitaka chujio la pamba, aandike hivyo, anunue na dawa yake, na saa za kuliosha zihesabiwe kuwa kazi. Atakayekatwa mshahara asinyamaze wala asigombane peke yake; alete daftari na karatasi ya mshahara kwa katibu wa tawi.