Tembea kwa Mwendo wa Yule wa Nyuma

Mazungumzo juu ya afya, kwa jamaa na kwa vikundi vya vijana



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya dawa ambayo haiuzwi katika duka la dawa. Dawa hiyo ni kutembea mlimani kwa kujifurahisha. Hatusemi kwenda shamba, wala kutafuta makala, wala kusukuma gari lililoharibika njiani. Tunasema kutoka nyumbani pamoja na watu unaowapenda, kupanda mahali pa juu, kuangalia nchi, kula pamoja, kisha kurudi.

Tunajua namna mtakavyojibu. Mama mmoja wa Katuba atasema: "Munganga, siye tunatembeaka kila siku na mizigo kwenye kichwa. Unataka tuongeze tena?" Na kijana wa Kamalondo atasema: "Kupanda mulima bure, ile ni mambo ya Bazungu." Majibu haya yana akili ndani yake. Haya, tuyapime moja moja.

Kazi si pumziko

Mama anayebeba mzigo toka asubuhi mpaka jioni amesema kweli. Mwili wake umekwisha kufanya kazi. Yeye hahitaji kuongeza kilomita. Anahitaji siku ya kutembea mikono mitupu, bila mzigo, bila haraka, na mtu mwingine apike siku ile. Ndugu mume, sikia neno hilo. Ukimpeleka mke wako matembezini, halafu yeye ndiye anabeba sufuria, bidoni ya maji na mtoto, hukumpeleka kupumzika. Umemhamisha tu jiko.

Lakini mjini wako wengi ambao hawatembei. Dereva anakaa, karani anakaa, mshonaji anakaa, muuza duka anakaa, mwanafunzi naye anakaa. Mwili unaokaa sana unapata uzito, unapata tansion, unapata ugonjwa wa sukari. Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mtu mzima autumikishe mwili wake kwa kiasi dakika 150 mpaka 300 kila juma. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku tano. Watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 17 wanahitaji kama saa moja kila siku.

Kutembea kunafanya nini ndani ya mwili? Moyo unapata nguvu ya kusukuma damu. Mishipa inalegea, na tansion inashuka kidogo. Misuli inatumia sukari iliyo katika damu. Usiku usingizi unakuja mzuri. Na yule mwenye mawazo mengi kichwani, akitembea na rafiki mahali penye hewa safi, anarudi moyo wake ukiwa mwepesi.

Na juu ya "mambo ya Bazungu": watu wa Katanga walijua vilima hivi, wakachimba na kuyeyusha shaba yake, karne nyingi kabla ya tanuru la Lubumbashi kuwashwa mwaka 1911. Milima ni yetu. Kilichobaki ni kuipanda siku moja bila kutafuta kitu.

Milima yetu ni ipi?

Mji wetu uko juu tayari, karibu mita 1,200 toka usawa wa bahari, lakini ni nchi tambarare. Kwa watoto wengi mlima wa kwanza ni kichuguu cha mchwa. Mlima mwingine wanaouona ni ule mweusi wa kando ya bomba refu la tanuru. Huo msiupande! Si mlima, ni mabaki ya tanuru, ni mahali pa kazi, na vumbi lake lina madini yanayodhuru mwili, zaidi mwili wa mtoto.

Mlima wa kweli uko kaskazini, mwendo wa zaidi ya kilomita 150: ni Kundelungu, nchi ya juu yenye majani mapana, inayofika karibu mita 1,700. Serikali iliifanya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Ni pale mto Lofoi unaanguka toka juu ya mwamba karibu mita 340, kisha maji yake yanakwenda upande wa mto Lufira. Ni moja ya maporomoko marefu ya Afrika, na iko katika nchi yetu. Wengi wamezeeka Lubumbashi bila kuiona.

Wengine wanauliza: "Huko juu pumzi haitatukatika?" Jibu ni hapana. Ugonjwa wa kimo unaanza mara nyingi kupita mita 2,500. Wanaouogopa ni wale wanaopanda Ruwenzori, kule mpaka wetu na Uganda, kilele chake ni mita 5,109. Kundelungu haiwezi kukupiga kwa hewa. Vinavyopiga watu ni jua, kiu, baridi ya usiku, ukingo wa mwamba, radi, na haraka. Na haraka ndiyo baba wa vile vingine vyote.

Neno kubwa la leo

Angalieni kikundi kinavyotembea. Vijana wenye nguvu wanatangulia. Wakifika mbali wanakaa chini, wanakunywa maji, wanacheka, wanangoja. Baada ya robo saa yule mchovu anatokea, jasho linamtoka. Wao wanasimama: "Haya, amefika, twende!" Basi, nani amepumzika? Wenye nguvu wamepumzika mara kumi. Yule aliyehitaji pumziko hakupata hata moja. Na kila mara wanamwacha nyuma zaidi, peke yake, mahali ambapo akianguka hakuna mtu wa kumwona.

Kwa hiyo tunawapa sheria moja: kikundi kitembee kwa mwendo wa yule wa nyuma. Fanyeni hivi:

1. Mwekeni mpole wa mwendo mbele, yeye ndiye apime hatua. Mtu mzima mwenye nguvu na akili awe wa mwisho, asipitwe na mwingine nyuma yake.

2. Pumziko lihesabiwe toka saa yule mchovu amekaa chini, si toka saa wa kwanza amefika.

3. Hesabuni watu kila mnaposimama. Mlitoka kumi na wawili? Muwe kumi na wawili.

4. Mwendo mzuri ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza nao. Akishindwa kusema maneno matano bila kuvuta pumzi, punguzeni.

Yule wa nyuma ni nani? Pengine ni mtoto wa SS. Mtoto huyu anaweza kufurahi mlimani kama wenzake, lakini kiu, baridi na kuchoka kupita kiasi vinaweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa. Anywe maji mara kwa mara, avae triko mapema, asishindane mbio, na munganga wake aulizwe kwanza. Pengine ni mtu mwenye tansion au sukari: achukue dawa zake, na mwenye sukari akiwa na kitu kitamu mfukoni. Pengine ni kijana mwenye nguvu ambaye juma lililopita alilala na malaria, lakini hakusema.

Hakusema kwa sababu gani? Kwa haya. Anaogopa kuchekwa. Ndiyo sababu msingoje mtu aseme "Yaya, nimechoka." Angalieni alama: aliyekuwa akisema sana amenyamaza; anajikwaa mahali pasipo jiwe; anatetemeka; anajibu polepole kama mtu wa usingizi; kichwa kinamwuma. Ukiona alama moja, simamisha wote. Akiumwa kifuani, au pumzi ikimpungua hata akikaa, safari ya kupanda imekwisha siku ile. Apelekwe hospitali.

Na kurudi njiani si aibu. Maporomoko ya Lofoi hayatahama. Gawanyeni mwanga wa siku sehemu tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ni akiba. Sehemu ya kwanza ikiisha, geukeni, hata kama mmebakiza kilima kimoja. Kwetu giza linaingia upesi, na miguu iliyochoka inavunjika zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda.

Mambo ya kushika

Maji. Kila mtu abebe lita 2 mpaka 3 kwa siku nzima. Maji ya mto, hata yakiwa meupe, yanaweza kubeba kipindupindu na homa ya matumbo. Yachemsheni mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja. Bia si maji, na lutuku si maji hata kidogo: inakausha mwili na kuondoa akili ukingoni. Mtu akiharisha, mpeni maji safi lita 1 yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visivyojaa kupita usawa, anywe kidogo kidogo.

Jua. Vaeni kofia, tokeni alfajiri, pumzikeni kivulini saa sita. Mtu mwenye mwili wa moto sana na maneno ya kuchanganyikiwa yuko katika hatari ya kufa. Mpelekeni kivulini, mlowesheni maji, mpepeeni, mkimbizeni hospitali.

Baridi. Mwezi wa sita na wa saba mchana ni mzuri, lakini usiku wa nchi ya juu ni baridi kali. Bebeni triko na blanketi. Nguo yenye jasho ivuliwe kabla ya jua kushuka.

Moto na radi. Wakati mzuri wa kutembea ni toka mwezi wa tano. Mwezi wa nane na wa tisa moto wa pori unakimbia na upepo: mkiona moshi mbele, msiendelee. Mvua zikianza, mkiona umeme, hesabuni mpaka ngurumo. Ikisikika kabla ya hesabu ya thelathini, shukeni toka mahali pa juu, msisimame chini ya mti ulio peke yake, na msitoke tena mpaka nusu saa ipite bila ngurumo.

Ukingo na mto. Jiwe lenye maji linateleza kama sabuni. Simu mkononi, macho kwenye picha, mguu unakwenda! Wekeni hatua kumi kati yenu na ukingo, na msioge juu ya maporomoko. Katika maji yaliyotulia, yenye majani na konokono, msiingie kwa sababu ya bilharzia.

Nyoka. Vaeni viatu vilivyofunika mguu, msitie mkono katika shimo. Mtu akiumwa: msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Jiwe jeusi linalobandikwa juu ya jeraha, ambalo wengi wetu wanalitumaini, halitoi sumu. Linapoteza saa tu. Ondoeni pete na saa, mguu au mkono utulizwe kwa kijiti bila kukaza, abebwe, asitembee, afike upesi hospitali. Msimfuate nyoka.

Kabla ya kutoka. Ulizeni kwanza walinzi wa hifadhi, watu wa ICCN, juu ya njia, usalama na ruhusa. Acheni nyumbani jina la mahali mnapokwenda, hesabu ya watu na siku ya kurudi. Msitumaini simu, huko mara nyingi haishiki.

Anzeni hapa hapa

Hatusemi kwamba kila jamaa ipate gari ya kwenda Kundelungu mwezi huu. Anzeni karibu. Juma la kwanza tembeeni nusu saa asubuhi, njia yenye miti, mbali na vumbi la magari. Mwezi wa pili fanyeni saa mbili, na chakula chepesi: viazi vitamu, karanga, ndizi. Ndipo mwende kwenye vilima vya upande wa Likasi, pale ambapo si mahali pa kuchimba madini. Mtu akijizoeza miezi mitatu hivi, Lofoi itampokea vizuri.

Na katika matembezi hayo madogo mtajifunza neno kubwa kuliko yote: kumjua yule wa nyuma wenu. Safari hii ni bibi, safari nyingine ni mtoto, siku moja itakuwa wewe mwenyewe. Siku hiyo utafurahi kuona wenzako wamesimama, wamekaa chini pamoja nawe, na hakuna anayesema "twende" mpaka umekunywa maji.

Tembeeni vizuri, rudini wote.