Neno Okubonabona Limetoka Wapi?

Leo tunazungumza juu ya neno moja tu, okubonabona. Kila nyumba huku inalijua. Kwa Kiswahili tunasema kupata taabu, au kuteseka.

Tulitazame vizuri. Ndani yake mna okubona, yaani kuona. Kihaya kimeitunza ile b ya zamani, Kiswahili kimeiacha; ndiyo maana sisi tunasema omubili na wenzetu wanasema mwili. Sasa ukirudia kuona mara mbili, unapata kuona na kuona tena, bila kupumzika. Waganda na Wanyankole nao wanalo neno hilo, kwa hiyo si la juzi. Hata Mswahili hayuko mbali: mtu akipatwa, husema "amekiona!"

Maneno mengine Kiswahili kiliyapata kwa Waarabu. Taabu asili yake ni uchovu. Dhiki ni ufinyu, mahali pa kubana. Shida ni ugumu. Hayo yanaeleza hali ilivyo, basi. Lakini mateso linatokana na kutesa, na palipo na kutesa watu hutafuta mtesaji. Hapo ndipo penye hatari, ndugu zetu.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Watu wakauita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichopendwa sana siku hizo, kilichovushwa kutoka Uganda. Mtu anakonda, anaharisha, anakohoa, na jamaa wanauliza: nani anamtesa? Wengine wakamnyoshea kidole jirani. Wengine wakauza mali wakampa mganga wa kienyeji. Virusi havikuulizwa kitu!

Okubonabona halimtaji mtesaji. Linasema fulani anaona mambo. Basi sisi tunapata nafasi ya kuuliza: anaona nini, tangu lini, amekwenda zahanati?

Na migomba je? Mnyauko wa bakteria ulipogunduliwa Muleba mwaka 2006, kuuliza nani katuloga hakukuponya shina hata moja. Kilichosaidia ni kung'oa mgomba mgonjwa, kupitisha panga kwenye moto, na kuondoa lile ua la chini ya mkungu kwa mti wenye panda.

Huko kwenu Nshamba, Kamachumu au Katoma, wazee wana maneno gani mengine ya taabu? Waulizeni jioni, mkimenya ndizi.